Kitubio ni Njia ya Kurudi Mezani

Vijana wapendwa, kila Kwaresima ikifika maswali ni yale yale. Nayasikia kwenye semina za VIWAWA, nayasikia kwa wanafunzi wa TYCS, nayasikia hata kwa vijana wa boda pale stendi ya Karatu tukijikinga mvua: "Katekista, kwa nini nikamwambie padre dhambi zangu wakati Mungu ananisikia nikiwa chumbani kwangu?" Halafu kuna swali la pili. Hili huulizwa pembeni, kwa sauti ya chini, watu wakishatawanyika: "Na sisi ambao tumeshatengwa, je?"

Leo nayajibu yote mawili kwa pamoja, maana ukiyachunguza utaona ni swali moja. Masomo ya kutafakari ni Luka 15:11-32, Luka 19:1-10 na Yohane 20:19-23. Fungua Biblia yako, hata ile ya kwenye simu, uyasome kwanza. Mimi nakusubiri.

Umesoma? Haya, twende.

Neno ambalo bibi zetu walilijua

Sisi wa Karatu, hasa tulio Wairaqw, tuna neno ambalo vijana wengi wa leo wanalisikia kwa wazee tu: metimani. Zamani, nyumba ikipatwa na jambo lililohesabika kuwa na unajisi, kwa mfano kifo cha mtoto mdogo, au binti kushika mimba kabla ya kuolewa, watu wa nyumba ile walikaa kando. Hawakula wala kunywa na wengine. Hawakwenda kwenye pombe ya majirani, hawakuchangamana. Hali hiyo ilidumu miezi, wakati mwingine zaidi, mpaka itakaswe na wazee waruhusu warudi.

Sisemi haya ili kuwacheka wazee wetu. Walijua kitu ambacho sisi wa zama za simu tumekisahau: hakuna jambo la mtu mmoja peke yake. Unachofanya ndani ya nyumba yako kinafika kwa jirani, kinafika shambani, kinafika kwenye mvua. Na walijua kitu cha pili, kwamba kutengwa lazima kuwe na mwisho. Mtu wa metimani alikuwa na njia ya kurudi.

Lakini kulikuwa na uzito ndani yake. Metimani haikutofautisha aliyekosa na aliyepatwa. Mama aliyezika mtoto wake, mtu anayehitaji watu kuliko wakati wowote, ndiye aliyekaa bila watu. Na binti mwenye mimba mzigo wote ulimwangukia yeye. Wapo waliofukuzwa kabisa kutoka kwao, wakaenda kupata hifadhi kwa Wadatoga. Yule aliyempa mimba simulizi hazimtaji sana.

Shika picha hiyo ya mtu aliyekaa kando akiwasikia wenzake wanakula. Historia nzima ya kitubio katika Kanisa ni historia ya swali hili: mtu aliyetoka mezani anarudi vipi?

Waafrika waliolijibu kwanza

Watu wengi wanadhani kuungama ni kitu kilichobuniwa Ulaya. Hapana. Mapambano makubwa ya kwanza juu ya toba yalitokea Afrika, katika mji wa Karthago, ambao magofu yake yapo Tunisia ya leo.

Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wote wa dola yake watoe sadaka kwa miungu, na kila aliyetoa apewe cheti. Vyeti vya namna hiyo, vilivyoandikwa kwenye mafunjo, vimefukuliwa Misri na vinasomeka hadi leo. Sasa fikiria wewe ni Mkristo wa Karthago. Usipokuwa na cheti ni jela, au kunyang'anywa mali, au kifo. Wengine walikubali kufa. Wengine walikimbilia hekaluni kutoa sadaka hata kabla hawajaitwa. Na wengine, wajanja, hawakutoa sadaka ila walihonga ofisa wakapata cheti cha bandia. Unaona? Mambo ya vyeti vya kununua hayakuanza jana.

Mateso yalipopoa, waliokana wakarudi kugonga mlango. Walikuwa wengi mno. Kanisa likagawanyika. Huko Roma padre mmoja, Novatian, akasema: hawa hawarudi kamwe, waachieni Mungu. Upande wa pili wakasema: warudi leo leo, wana barua za kuwaombea kutoka kwa wafiadini waliokuwa gerezani, yaishe.

Askofu wa Karthago, Mtakatifu Sipriani, alikataa pande zote mbili. Mwaka 251 maaskofu wa Afrika walikutana naye wakaamua hivi: mlango upo wazi, lakini kuna njia ya kuupitia. Kila mtu aangaliwe kwa alichofanya, maana aliyehonga cheti si sawa na aliyekimbilia madhabahu ya miungu. Afanye toba, na mwishoni askofu na mapadre wawekee mikono juu yake na kumrudisha kwenye Ekaristi.

Muda mfupi baadaye ikasikika kwamba mateso mengine yanakuja. Sipriani na wenzake wakaamua waliokuwa bado katika toba wapewe Komunyo mara moja, hata kama muda wao haujaisha. Sababu yao ilikuwa rahisi: huwezi kumpeleka askari vitani bila silaha, na silaha ya Mkristo ni Mwili na Damu ya Kristo. Kwao toba ndefu ilikuwa na lengo moja tu, kumfikisha mtu mezani akiwa mzima. Hatari ilipokaribia, walifupisha njia ili afike. Sipriani mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 258 kwa ajili ya imani.

Hapa ndipo jibu la swali la kwanza linapoanza. Wale wa Karthago walimkosea Mungu, ndiyo. Lakini pia walimwacha jirani yao afe peke yake. Walilijeruhi Kanisa, na Kanisa ni mwili. Ukimkanyaga mtu mguu, huwezi kwenda chumbani ukauambia ukuta pole ukadhani yamekwisha. Ndiyo maana Yesu mfufuka, jioni ile ya kwanza, aliwavuvia Mitume na kuwapa mamlaka ya kuondolea dhambi. Alijua tutahitaji kusikia neno la msamaha kwa masikio yetu, kutoka kwa mtu anayesimama kwa niaba yake na kwa niaba ya ndugu tuliowaumiza.

Majivu hayakuwa ya watu wote

Katika karne zilizofuata Kanisa liliweka utaratibu wa wazi kwa dhambi nzito kama kuua, kuzini na kukana imani. Mtenda dhambi aliingia katika kundi la watubuo. Alifunga, alisali, alitoa sadaka, alikaa sehemu yake kanisani na hakupokea Komunyo. Waamini walimwombea. Roma walikuwa na desturi ya kuwarudisha watubuo hao siku ya Alhamisi kabla ya Pasaka, ili Pasaka iwakute mezani pamoja na wengine.

Hakukuwa na kusema huyu ni mkubwa. Mwaka 390 Kaisari Theodosius aliagiza watu wa Tesalonike waadhibiwe kwa sababu ya ghasia, na askari wake wakaua maelfu. Askofu wa Milano, Mtakatifu Ambrosi, alimwandikia barua: sitaadhimisha Ekaristi mbele yako mpaka utubu. Mtu mwenye majeshi yote ya Roma akavua mavazi yake ya kifalme, akalia kanisani mbele ya raia wake. Alirudishwa kwenye Komunyo Noeli ya mwaka huo.

Na majivu tunayopakwa Jumatano ile ya kwanza ya Kwaresima yametoka huko. Mwanzoni yalikuwa ya watubuo hao wa hadharani tu. Mwaka 1091 Sinodi ya Benevento, chini ya Papa Urbano wa Pili, ilielekeza kwamba waamini wote wapakwe, mapadre kwa walei, wanaume kwa wanawake. Yaani Kanisa lote likajiunga na kundi la watubuo. Kwa hiyo ukimwona binti wa watu amepakwa majivu karibu nawe, usimhesabie dhambi zake. Na wewe umepakwa.

Utaratibu ule ulikuwa na udhaifu mkubwa. Toba ya namna hiyo ilitolewa mara moja tu maishani, na masharti yake yalikuwa mazito kiasi kwamba watu waliogopa, wakaiahirisha mpaka kitandani pa kufa. Dawa ikawa ya maiti. Watakatifu wenyewe waliona uzito huo kwa namna nyingine: Mtakatifu Agustino, Mwafrika mwingine, alipougua ugonjwa wake wa mwisho mwaka 430 aliomba Zaburi chache za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani karibu na kitanda chake, akawa anazisoma huku analia. Kama Agustino alihitaji toba hadi siku ya mwisho, toba ya mara moja ingemtosha nani?

Wamonaki wa Ireland, na jinsi walivyofika kwetu

Jibu lilitoka kisiwani, mbali na Roma. Wamonaki wa Ireland katika karne ya 6 walikuwa na desturi ya kumweleza kiongozi wao wa kiroho makosa yao kwa siri, na si mara moja bali kila walipohitaji. Desturi hiyo wakaifikisha kwa walei. Waliandika vitabu vya kuwasaidia mapadre: kwa kosa hili, siku kadhaa za mkate na maji, kwa kosa lile, sala kadhaa. Mtakatifu Kolumbani alivuka bahari kwenda bara la Ulaya karibu na mwaka 590 na kuisambaza.

Siyo wote waliofurahi. Mwaka 589 maaskofu waliokutana Toledo, Hispania, walilalamika kwamba kuna watu wanamwendea padre kuomba ondoleo kila wanapotenda dhambi, tena na tena. Kwao ilikuwa aibu. Lakini mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano uliamuru kwamba kila Mkristo mwenye umri wa kupambanua aungame walau mara moja kwa mwaka. Kile kilichokemewa na maaskofu wa Toledo kikawa amri ya Kanisa, na ndiyo amri uliyoikariri kwenye mafundisho ya Kipaimara.

Na sisi hapa? Karatu ipo mkoa wa Arusha kiserikali, lakini kikanisa tupo Jimbo la Mbulu, na askofu wa kwanza wa jimbo hili, Patrick Winters, alikuwa Mpalotini kutoka Ireland. Kwa hiyo ukipiga magoti kuungama Endabash au Mbulumbulu au Rhotia, unapita kwenye njia iliyochongwa na wamonaki wa kisiwa kile, na watoto wa kisiwa kile kile ni kati ya walioileta huku.

Njia hii nayo ilikuwa na shimo lake. Dhambi ikishakuwa na bei, watu hutafuta punguzo. Zama za kati kuna matajiri waliowalipa watu wengine wawafungie. Yaani mimi nimeiba, wewe unashinda njaa! Baadaye biashara ya rehema ilichangia Kanisa la Magharibi kupasuka, kuanzia mwaka 1517. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulirudisha mambo kwenye msingi. Kwa mtubuo kuna mambo matatu: majuto moyoni, maungamo mdomoni, malipizi kwa vitendo. Na padre anatoa ondoleo. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Majuto, maungamo, malipizi. Vijana wengi tunajitahidi kwenye la pili, tunajikongoja kwenye la kwanza, na la tatu tumelifanya kuwa Salamu Maria tatu za haraka haraka huku tunatafuta pikipiki ilipoegeshwa.

Metimani ndani ya kanisa

Sasa turudi nyumbani kabisa.

Namfahamu dada mmoja. Jina lake na kigango chake navihifadhi. Alikuwa mwanakwaya, sauti ya kwanza. Akapata mimba akiwa na miaka 19. Hakuna padre aliyemtenga. Hakuna barua iliyoandikwa. Ila jumuiyani maneno yalikuwa mengi, na siku moja mama mmoja akamwambia, "Wewe sasa subiri kwanza." Asubiri nini, hakuambiwa. Basi akasubiri miaka 4. Alikuja Misa, alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, mtoto mgongoni, na wakati wa Komunyo alitoka nje kana kwamba mtoto analia.

Nilipomuuliza kwa nini haendi kuungama, alinishangaa. "Si nimetengwa?"

Na yule kijana? Yeye aliendelea kuimba. Sauti ya nne. Jumapili alikuwa anapokea Komunyo mstari wa mbele, kanzu ya kwaya imenyooshwa vizuri. Hakupeleka hata kilo ya unga.

Vijana, hiyo siyo kitubio ya Kanisa Katoliki. Hiyo ni metimani, tena iliyoondolewa kile kizuri chake, maana metimani ya wazee ilikuwa na mwisho. Tumembatiza mtu halafu tukamfanyia kitu ambacho Sipriani asingekikubali, wala Ambrosi, wala wale wamonaki. Ambrosi alimzuia Kaisari aliyemwaga damu. Sisi tumemzuia aliyeachwa, na aliyemwacha tukampa mikrofoni.

Dada yule angeweza kuungama Jumamosi ya wiki ile ile. Alikuwa na jambo la kuungama, sikatai, lakini mtoto siyo dhambi. Mtoto ni mtoto. Anayejuta, akaungama na kupewa ondoleo, amerudi. Hakuna benchi la adhabu baada ya hapo, na mwanajumuiya hana mamlaka ya kumwambia mtu asubiri. Siku alipokwenda, ilichukua dakika chache. Baadaye aliniambia jambo moja tu: "Kumbe mlango haukuwa umefungwa, ni watu walikuwa wamesimama mlangoni."

Naye kaka, kama alikuwa anaungama kila Pasaka bila kumtazama mtoto wake, alikuwa anaungama nini? Zakayo hakumwambia Yesu anasikitika tu. Alisimama akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyedhulumiwa anarudishiwa mara nne. Na ndipo Yesu akatangaza kwamba wokovu umeingia katika nyumba ile. Malipizi ya kaka huyu yana majina yanayoeleweka: bima ya afya, sare za shule, unga, na kusimama mbele ya wazazi wa dada kukiri kwamba mtoto ni wake.

Mushaka: toba ya kale katika Afrika ya leo

Kuna mtu atasema, hayo ya makosa madogo sawa, lakini yapo mambo hayarudishiki. Basi sikia habari za majirani zetu.

Mwaka 1994 nchini Rwanda Wakristo waliua Wakristo wenzao, wengine ndani ya makanisa walimobatizwa. Padre Ubald Rugirangoga wa Jimbo la Cyangugu alimpoteza mama yake na ndugu wengi katika mauaji ya kimbari. Baadaye, akiwa paroko wa Mushaka, alikuta jambo zito: wauaji waliotoka gerezani wanapanga mstari wa Komunyo pamoja na wajane wa watu waliowaua. Angefanya nini? Awafukuze wote, kama Novatian? Ajifanye hajui, yaishe?

Alifanya kile Kanisa lilichokifanya Karthago. Waliohusika na mauaji walisimama kwanza kupokea Komunyo. Waliingia katika mafundisho ya miezi kadhaa. Walitakiwa kusema ukweli, kuwaendea wale waliowakosea na kuomba msamaha. Na wale waliopoteza watu wao nao walisindikizwa, bila kulazimishwa, katika safari ya kusamehe. Mwisho wa safari watubuo walipokelewa tena mezani mbele ya jumuiya, na baadhi ya waliosamehe walisimama pamoja nao.

Padre Ubald hakuhubiri tu. Alimsamehe mtu aliyehusika na kifo cha mama yake, na akasaidia masomo ya watoto wa mtu huyo. Alifariki Januari 2021. Na tarehe 20 Novemba 2016, Mwaka wa Huruma ya Mungu ulipofungwa, barua ya maaskofu wa Rwanda ilisomwa makanisani ikiomba msamaha kwa ajili ya waamini walioshiriki mauaji yale. Maaskofu nao wakajiunga na kundi la watubuo.

Kama njia hiyo iliweza kubeba damu ya Mushaka, dhambi yako ya Karatu haiwezi kuivunja.

Malipizi yana harufu ya udongo wetu

Sasa tushuke kwenye maisha yetu. Padre akikupa sala za malipizi, zisali kwa moyo. Lakini jiulize pia: nimevunja nini, na kinarekebishikaje?

Wewe uliye dalali wa vitunguu Mang'ola, unajua lumbesa ni nini. Gunia limerundikwa mpaka limeota kichwa, mkulima analipwa bei ya gunia moja. Hiyo siyo "biashara ndiyo ilivyo". Ni wizi, na Salamu Maria hazijazi gunia la mtu. Malipizi yako ni kipimo halali, na kumtafuta uliyempunja.

Wewe uliyemchafua mwenzako kwenye grupu la WhatsApp, kumwomba radhi faragha ni mwanzo mzuri tu. Uongo uliusema mbele ya watu 200. Ukweli nao ukauseme pale pale.

Wewe unayekaa na msimamizi wa vibarua shambani na kukata siku za watu kwenye daftari: rudisha siku zao. Unayeongoza watalii na kuficha tipu ya mpishi na mbeba mizigo: mpe haki yake. Na kama uliyemdhulumu humpati tena, mweleze padre, atakuelekeza namna ya kulipa kwa maskini.

Mnaoishi pamoja bila ndoa, nawaambia kwa upendo na bila kuficha: hamwezi kuruka hatua. Lakini pia hamjafukuzwa. Njooni Misa, mkaonane na paroko, anzeni safari ya ndoa. Watubuo wa kale nao walikaa kanisani wakiombewa, na kila mtu alijua wanaelekea wapi.

Ukienda kuungama

Kama hujaenda miaka mingi, usisubiri foleni ya Juma Kuu. Nenda siku ya kawaida. Kabla ya kwenda, kaa kimya dakika 10, mwombe Roho Mtakatifu, pitia amri moja moja. Ukifika mwambie padre wazi: "Nimekaa muda mrefu, nisaidie." Atakusaidia. Taja dhambi zako, siyo za mumeo, wala za jirani, wala za mwenyekiti wa jumuiya. Usizipambe, usizifupishe.

Wala usiogope kwamba habari zitatoka. Siri ya maungamo haina mlango wa nyuma. Padre akiivunja moja kwa moja, anajitenga mwenyewe na Kanisa papo hapo. Hawezi kuisema polisi, hawezi kuisema kwa wazazi wako, hawezi kuitumia dhidi yako.

Na sisi ambao hatujatengwa, tuna kazi. Jumapili hii geuka nyuma kidogo. Angalia nani amekaa benchi la mwisho, nani anatoka nje wakati wa Komunyo. Usimhoji. Msalimie, mbebe mtoto wake, mwambie padre yupo Jumamosi. Tusiwe yule kaka mkubwa wa Luka 15, aliyebaki nje ya nyumba ya baba yake mwenyewe kwa sababu mdogo wake ameingia. Karamu ilikuwa tayari, ndama ameshachinjwa, na baba ilimbidi atoke mara ya pili.

Tusali:

Ee Baba mwema, unatuona tukiwa bado mbali. Tupe majuto ya kweli, tupe ulimi wa kusema yaliyotokea, tupe mikono ya kurudisha tulichochukua. Wale tuliowafungia mlango kwa maneno yetu, wewe wafungulie, na sisi utusogeze pembeni wapite. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Sipriani wa Karthago, utuombee.
Mtakatifu Agustino, utuombee.

Tumsifu Yesu Kristo!